Bei ya hospitali inaishia gati la Malindi, mgonjwa anaendelea na safari

Ndugu Mhariri,

Tangu Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar (ZHSF), ulioanzishwa kwa Sheria Namba 1 ya 2023, uanze kazi, maneno barazani ni mamoja: Serikali ipange bei za hospitali, za umma na za binafsi, mambo yaishe. Sisi tunaoshughulika na ankara na hesabu za hospitali tunaunga mkono upangaji wa bei. Tusichokubali ni dhana kwamba jadweli ya bei ikishapigwa muhuri kazi imekwisha. Bei inayopangwa Unguja ina nguvu mpaka gati la Malindi. Mgonjwa akishapanda boti, baada ya saa mbili hivi yuko Dar es Salaam, kwenye bei nyingine na chini ya Wizara nyingine, kwa sababu afya si jambo la Muungano.

Chukua mashine ya CT, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa mionzi. Tarakimu hizi ni za mfano tu, tumezichagua ziwe nyepesi kukokotoa. Tuseme mashine inagharimu Sh milioni 240 kwa mwaka hata asipoingia mgonjwa: mkataba wa matengenezo, mishahara ya mtaalamu wa mionzi na daktari anayesoma picha, umeme wa kiyoyozi kisichozimwa usiku wala mchana, na akiba ya kubadilishia bomba la mionzi. Kisha kila mgonjwa anaongeza Sh 40,000 za dawa ya kung'arisha mishipa, sindano na vifaa vidogo. Wakipimwa watu 3,000 kwa mwaka, kila kipimo kinasimama kwa Sh 120,000. Mpangaji bei anaandika 120,000, na ni bei ya haki.

Sasa watu 1,000 kati ya hao wanavuka kwenda Bara. Wamebaki 2,000, na gharama ya kipimo imepanda hadi Sh 160,000, lakini bei kwenye jadweli ni ile ile. Hospitali inapata hasara ya milioni 80, na mashine ikiharibika hakuna fedha ya kuitengeneza. Ikishaharibika, wanavuka na waliobaki. Upande wa pili Mfuko unalipia vipimo 1,000 vya Dar es Salaam; tuseme ni Sh 150,000 kimoja, basi ni milioni 150. Mwanzo Mfuko ulikuwa ukilipa milioni 360 kwa watu 3,000. Sasa unalipa milioni 390 kwa watu wale wale, hospitali ya nyumbani inazama, na hapo hatujahesabu tiketi nne za boti, mbili za mgonjwa na mbili za msindikizaji, wala godoro la kulalia kwa jamaa Kariakoo au Ilala.

Jambo hili lina wakongwe wake. Jimbo la Maryland, Marekani, liliunda tume ya kupanga bei za hospitali mwaka 1971, ikaanza kupanga 1974, na kuanzia 1977 hata bima ya serikali kuu ya wazee, Medicare, ikakubali kulipa kwa bei za tume hiyo. Majimbo mengine kadhaa yalikuwa na mifumo ya namna hiyo, yakiwemo Massachusetts, New Jersey, New York na Washington, lakini kati ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na katikati ya 1990 yaliiacha moja baada ya jingine. Maryland ilibaki. Msingi wake ni mmoja: ndani ya hospitali moja, kipimo kimoja kina bei moja kwa kila mlipaji, awe bima ya serikali, bima ya kampuni au mtu mwenye fedha zake mkononi, isipokuwa punguzo dogo linalojulikana kwa bima za serikali.

Lakini Maryland ni jimbo jembamba, lina mipaka kila upande: Delaware, Pennsylvania, Virginia, West Virginia na mji mkuu Washington. Ng'ambo ya mpaka bei haipangwi na tume. Kule hospitali hulipwa na bima za kampuni fedha nyingi kuliko zinavyolipa Maryland, na hulipwa na Medicare fedha kidogo kuliko Maryland. Msomaji anaiona biashara iliyopo hapo: hospitali ya ng'ambo inamtamani mgonjwa mwenye bima ya kampuni, na haina haraka na mzee wa Medicare. Anayebaki nyumbani si mgonjwa wa wastani. Mwaka 2020 kampuni ya hospitali ya Delaware, ChristianaCare, iliichukua hospitali ya Elkton iliyo upande wa Maryland, mwendo mfupi wa gari kutoka hospitali yake ya Newark, Delaware. Tangu hapo mwenye mali ni mmoja, ana mguu kwenye bei iliyopangwa na mguu kwenye bei huria. Delaware nayo ilipotunga sheria mwaka 2024 ya kuunda bodi ya kukagua bajeti za hospitali, kampuni hiyo hiyo ilikwenda mahakamani kuipinga. Vermont ina bodi kama hiyo tangu 2011, na wagonjwa wengi wa mashariki ya jimbo hilo huvuka mto kwenda hospitali kubwa ya Lebanon, New Hampshire, ambako bodi haina kauli. Mto ule ni mwembamba kuliko mkondo wetu, lakini hesabu ni moja.

Kwetu funzo la karibu zaidi lilitoka Bara. Machi 2024 NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ilipoanza kutumia kitita kipya cha mafao na bei zake, baadhi ya hospitali kubwa binafsi zilitangaza kusitisha kuwahudumia wanachama wake. Zilisema bei haifikii gharama; NHIF ikasema inafikia. Hatutaki kuamua nani alikuwa na haki. Tunachotaka kionekane ni kwamba hospitali ya Dar es Salaam ina walipaji wengi, inaweza kumkataa mmoja na kuendelea kuishi. Mfuko wetu wa kisiwani ni mlipaji mdogo zaidi ukifika kwenye dirisha lile lile. Hauwezi kuiamuru hospitali ya Bara ipokee bei ya Zanzibar. Unaweza kukubaliana nayo tu, na ili ukubaliane lazima uwe na wagonjwa wa kuahidi na fedha za kulipa kwa wakati.

Tusogee karibu na ankara yenyewe, kwani hapo ndipo bei ya kipande kimoja kimoja inapovuja. Panga bei ya kumuona daktari iwe ya chini, na wiki ya pili ankara itaanza kuota mistari: kufungua faili, kupima presha, glovu jozi mbili, pamba, plasta, "huduma ya uuguzi" ambayo jana haikuwa na jina. Kila mstari ni elfu mbili au tatu, jumla imerudi pale pale. Panga bei ya dawa chini ya bei ya kununulia, na dawa itakuwa "imekwisha leo". Msindikizaji anapewa karatasi, anavuka barabara kwenda duka la dawa, anarudi na dripu, kanula na sindano kwenye mfuko wa plastiki, kwa fedha zake. Kwenye ripoti ya Mfuko gharama imeshuka. Nyumbani kwa mgonjwa imepanda, na hakuna anayeandika.

Dawa yake ni kuacha kulipa kwa mstari na kulipa kwa fungu. Upasuaji wa kujifungua uwe bei moja tangu kupokewa hadi kuruhusiwa: kitanda, ganzi, uzi, dripu, dawa za maumivu, na kurudi kuangaliwa kidonda. Dripu ikinunuliwa nje, hospitali ikatwe thamani yake kwenye fungu hilo na mgonjwa arejeshewe. Hilo linafanyika kwa risiti ya duka la dawa na namba ya kadi, halihitaji programu ya kompyuta ya mamilioni.

Maryland ilikwenda mbali zaidi mwaka 2014: kila hospitali ikapewa bajeti ya mwaka mzima. Bei ya kipande bado ipo, lakini hospitali huipandisha au kuishusha ndani ya mwaka ili ifike kwenye bajeti yake, si juu wala chini. Inaruhusiwa kucheza asilimia 5 bila kuomba ruhusa. Kwa mfano, hospitali yenye bajeti ya Sh bilioni 6 ikikusanya bilioni 3.06 nusu ya kwanza kwa sababu wagonjwa wameongezeka, nusu ya pili haina budi kushusha bei kwa kiasi cha asilimia 4 ili isipite. Mgonjwa akihama kutoka hospitali moja ya jimbo kwenda nyingine, fedha zinamfuata kwa nusu tu, kwa kudhani nusu ya gharama haihami naye: jengo, walinzi, mashine. Jimbo liliahidi kuokoa dola milioni 330 za Medicare kwa miaka 5, likapitiliza ahadi hiyo.

Turudi kwenye mashine yetu ya CT uone ugumu wenyewe. Gharama inayohama na mgonjwa ni Sh 40,000 kati ya 120,000, yaani thuluthi. Tukifuata kanuni hiyo, ila kwa thuluthi badala ya nusu, hospitali iliyopoteza watu 1,000 ipunguziwe milioni 40, ibaki na milioni 320, na hizo zinatosha kabisa gharama zake. Hospitali imepona. Lakini Mfuko sasa unalipa 320 nyumbani na 150 Bara, jumla milioni 470 kwa vipimo ambavyo mwanzo vilikuwa 360. Ndani ya mpaka, fedha zinatolewa hospitali hii zinapelekwa ile. Mgonjwa akivuka mpaka, mlipaji analipa mara mbili. Anayekwambia bajeti ya mwaka peke yake ni tiba hajafanya hesabu hii.

Na kuna kishawishi kibaya zaidi. Hospitali yenye bajeti isiyopungua haina hasara kumwandikia mgonjwa rufaa. Kitanda kimekuwa wazi, dawa imebaki ghalani, bajeti iko vile vile. Rufaa, iliyokuwa njia ya kumuokoa mtu, inageuka njia ya kupunguza kazi. Maryland iliiona tundu hiyo: mpango wa 2014 ulibana fedha za hospitali tu, na kuanzia 2019 ukabadilishwa uhesabu gharama yote ya matibabu ya mkaazi wa jimbo aliye kwenye Medicare, popote alipotibiwa, hata nje ya jimbo. Hicho ndicho tunachokitaka hapa. Mdhibiti wetu asipimwe kwa bei za Mnazi Mmoja au Kivunge, bali kwa shilingi zilizotumika kwa kila mkaazi wa Unguja na Pemba, zikiwemo za Muhimbili, Ocean Road, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na za India.

Hospitali inayotoa rufaa iandikiwe sehemu ya gharama ya rufaa hiyo kama huduma ilipaswa kuwepo kwake. Neno "ilipaswa" ndilo la kugombaniwa, kwa hiyo sababu ziwe nne tu na kila moja iwe na matokeo yake. Huduma haipo Zanzibar kabisa: Mfuko unalipa wote. Huduma ipo lakini mashine ni mbovu: hospitali inachangia, kuanzia siku ya 15 ya ubovu, ili fundi aitwe mapema. Foleni ni ndefu kuliko muda uliowekwa: hospitali inachangia nusu. Mgonjwa ameamua mwenyewe: Mfuko unalipa kiasi kile ambacho ungelipa nyumbani, tofauti ni yake, na aambiwe kabla hajakata tiketi, si dirishani Dar es Salaam.

Gharama zitajulikanaje? Hili ni la kuchosha na ndilo linalorukwa. Bei nyingi tulizonazo zimenakiliwa kutoka jadweli za Bara, zikaongezwa au kupunguzwa kwa kukisia. Namna ya kufanya ni hii. Gawa hospitali katika vitengo vinavyotibu, kama wodi, chumba cha upasuaji, maabara na mionzi, na vinavyohudumia vitengo hivyo, kama dobi, jiko, walinzi, uhasibu na jenereta. Kisha gharama za kundi la pili zimiminwe kwenye la kwanza kwa kipimo kinachoonekana: dobi kwa kilo za mashuka yaliyopimwa kwa mizani, jiko kwa sahani, walinzi na usafi kwa mita za mraba, jenereta kwa mita ya umeme ya kila jengo. Pasipo na mita ndogo, na sehemu nyingi haipo, chumba cha upasuaji chenye viyoyozi na vitakasio vya mvuke kitaonekana rahisi na kliniki ya meno itaonekana ghali. Bei itakayotoka hapo itakuwa ya uongo yenye tarakimu nzuri. Jambo jingine lisisahauliwe: kisiwani, oksijeni, vitendanishi vya maabara na vipuri vimelipiwa usafiri wa baharini, na Pemba mara nyingi vimelipiwa mara mbili. Bei moja kwa Unguja na Pemba inaonekana ya usawa, lakini inaiadhibu Pemba.

Kuhusu walipaji, kwenye dirisha moja Zanzibar unaweza kukuta kadi ya ZHSF, kadi ya NHIF ya mtumishi wa taasisi ya Muungano, mtalii mwenye bima ya lazima ya dola 44 iliyoanza Oktoba 2024, na mtu mwenye fedha taslimu. Kila mmoja akiwa na bei yake, kitanda kinamfuata anayelipa zaidi, na hatushangai hospitali za binafsi zikijenga vyumba vipya kuelekea pwani za mahoteli. Tuna maoni tofauti baina yetu hapa. Wako wanaosema mtalii alipe zaidi ili amsaidie mwenyeji. Sawa, alipe, lakini ziada isibaki kwenye hospitali iliyompokea. Hospitali ipate bei moja kwa wote, na nyongeza ya mtalii iende kwenye chungu cha pamoja kigawiwe kwa idadi ya wasio na uwezo waliohudumiwa. La sivyo ziada hiyo itakuwa zawadi kwa waliojenga karibu na Nungwi.

Mikataba na hospitali za Bara iandikwe kwa fungu, si kwa mstari, na iwe na kifungu cha kumrudisha mgonjwa. Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa mfupa Dar es Salaam hana haja ya kupanda boti tena kwenda kutolewa nyuzi; Chake Chake wanaweza, mradi awe na barua ya kurudi yenye jina la operesheni, dawa na tarehe ya picha inayofuata. Bila barua hiyo muuguzi anaogopa kugusa, na ana haki ya kuogopa. Hospitali ya Bara isilipwe asilimia 10 ya mwisho ya fungu mpaka barua hiyo ifike.

Na kulipa kwa wakati. Bei ya Sh 100,000 inayolipwa baada ya siku 120, kwa hospitali inayokopa kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, thamani yake ni kama 94,000. Hapo Mfuko umepunguza bei kwa asilimia 6 bila kutangaza, na hospitali itazitafuta hizo 6 kwenye glovu na pamba. Siku 30 kwa dai safi, na dai lenye kasoro lirudishwe ndani ya siku 10 na kasoro zote zikiwa zimetajwa kwa pamoja, si moja leo na nyingine mwezi ujao.

Pa kuanzia ni Pemba. Maryland haikuanzia Baltimore. Mwaka 2010 ilijaribu bajeti ya mwaka kwa hospitali 10 za vijijini, ambazo kila moja ilikuwa karibu peke yake katika eneo lake, kwa sababu pale ni rahisi kujua nani ni mgonjwa wa nani. Abdalla Mzee ya Mkoani, Chake Chake, Wete na Micheweni zina sifa hiyo. Wizara inaweza kuanza mwezi ujao bila sheria mpya: kwenye fomu ya rufaa iongeze nafasi mbili, moja ya shehia anayoishi mgonjwa na moja ya namba ya sababu, 1 hadi 4, na nakala ya tatu ya fomu ibaki bandarini Mkoani kila boti inapoondoka.

Wako,
Wasomaji wa hesabu za hospitali,
Mjini Unguja